Kwa somo yangu, kuhusu namba ya sukari

Newala, Novemba

Mpendwa somo yangu,

Salamu nyingi kutoka huku uwandani, ambako korosho bado zinaanguka na sisi wazee bado tunainama kuziokota. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kilichonisikitisha si kwamba kipimo chako cha kisukari, kile cha wastani wa sukari ya damu wa miezi mitatu, kimetoka asilimia 7.6, bali ni kwamba umeacha kula chakula cha jioni ili ufike 6, kwa sababu mkweo amekuambia kuwa asiyefika hapo anajichimbia kaburi.

Mkweo hakukosea kila kitu. Miongozo mingi humtaka mtu mzima mwenye kisukari awe chini ya asilimia 7, na mashine ya kidoleni, ambayo huhesabu kwa milimoli kwa lita wala si kwa asilimia, isome kati ya 4.4 na 7.2 asubuhi kabla hajatia kitu kinywani. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wapya waliodhibitiwa hadi kufikia wastani wa asilimia 7.0 walipata madhara machache zaidi ya mishipa midogo, ile ya macho na figo, kuliko wenzao waliobaki kwenye 7.9. Asilolijua mkweo ni kwamba baadaye watafiti wa Marekani na Kanada waliwachukua watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha muda mrefu na mioyo iliyo hatarini, wakawashusha nusu yao kuelekea chini ya 6, na mwaka 2008 wakalazimika kusitisha matibabu hayo kabla ya wakati kwa sababu waliobanwa walikuwa wanakufa zaidi ya wasiobanwa. Tangu hapo madaktari wengi hawampi kila mgonjwa namba moja. Mzee mwenye maradhi mengine, au ambaye sukari yake hushuka ghafla, huweza kuachiwa hadi karibu na 8.

Mimi nilijifunza jambo hili shambani, wala si kliniki. Msimu uliopita nilimeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, alfajiri, nikaahirisha uji, nikaenda kuokota korosho nikidhani nitarudi mapema. Jua lilipopanda, vidole vilianza kutetemeka hadi korosho zikawa zinanidondoka, jasho likanitoka la baridi, nikawa ninamwita mjukuu wangu kwa jina la marehemu mjomba wake. Kijana alifungua pindo la khanga nilimofunga mashine, akanipima: 2.9. Kwa kuwa hatukuwa na sukari, aliokota mabibo mawili mabivu, akayakamua kinywani mwangu kidogo kidogo. Ule ukakasi ninaukumbuka hadi leo, na doa lake halijatoka kwenye khanga.

Nilipokwenda kwa daktari na daftari langu la vipimo, aliniuliza ninaogopa nini zaidi, macho kufifia baada ya miaka kumi au kuanguka peke yangu shambani mwaka huu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Tulikubaliana asilimia 7.5, akaniondolea glibenklamaidi, akaniachia metformini, ambayo ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Uamuzi huo una gharama yake, nami ninailipa: kila mwaka ninapimwa macho, mkojo na miguu bila kukosa. Mdogo wangu, ambaye hajafika miaka hamsini na hana maradhi mengine, amechagua 6.5 na anaifikia bila kushuka. Sijamwambia kuwa anajitesa, naye hanikemei.

Kwa hiyo nakuomba, somo, urudie kula jioni leo hii hii, maana nawe unameza glibenklamaidi, na kuimeza bila chakula ndiko kulikonifikisha pale chini ya mkorosho. Weka sukari karibu na kitanda. Ukitetemeka, koroga vijiko vidogo vitatu hadi vinne katika maji, unywe, kisha upime tena baada ya dakika kumi na tano. Halafu andika vipimo vya asubuhi vya wiki mbili, umpelekee daktari, na umweleze kwamba unaishi peke yako. Hilo linabadili hesabu kuliko unavyodhani.

Nitashuka Mikindani mnada wa korosho ukimalizika, twende kliniki pamoja. Nitakuletea ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, lakini ujue nayo ni wanga, kwa hiyo tutagawana sahani moja.

Wako, somo wako wa Newala