Barua ya Kufunga Shule, Muhula wa Tatu 2024

25 Oktoba 2024

Kwa wazazi na walezi wote,

KUH: KUFUNGA SHULE NA OMBI LANGU KWENU

Hamjambo nyote? Leo tunafunga shule. Watoto wanakuja na ripoti zao. Tafadhali ketini pamoja nao, mzisome, kisha mtie sahihi. Gredi ya Sita bado wako nasi, kwani mtihani wa KPSEA, yaani ule wa kitaifa wa mwisho wa shule ya msingi, unaanza Jumatatu tarehe 28. Mtahiniwa afike mapema, awe amekunywa chai na ana kalamu na penseli zake.

Mwaka huu umetuelemea. Mafuriko ya masika yalisukuma ufunguzi wa muhula wa pili kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei, na tangu hapo wazazi wengi wamekuja ofisini kunieleza kwamba kazi imesimama au kodi ya nyumba imewashinda. Waliokuja nawashukuru sana. Wanaoninyima usingizi ni wale wasiokuja. Mtoto anakosa siku mbili, kisha wiki nzima. Tunapiga simu, haipokewi. Baadaye tunasikia kwa majirani kuwa sare imechanika na mama anaona haya kumleta hivyo, au pesa za chakula hazijapatikana na baba anakwepa kukutana na mwalimu.

Muhula ulipoanza, Michezo ya Paralimpiki, ile ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu, ilikuwa ikiendelea Paris, na walimu wakaitumia gwarideni na madarasani. Samson Ojuka alituletea medali ya fedha katika kuruka mbali, ya pekee kwa Kenya safari hii. Lakini aliyewashika watoto wetu hasa ni Asiya Mohammed Sururu, kwa kuwa ni wa hapa hapa Mombasa. Aligongwa na gari moshi akiwa na miaka miwili, akapoteza miguu yote miwili. Alisoma, akasomea ualimu, akacheza tenisi ya kiti cha magurudumu, kisha akaingia kwenye mashua ya makasia. Alishindana Tokyo, akarudi tena Paris. Mashindano yake ni mita 2,000, na katika kundi lake mpiga makasia hufungwa mkanda kwenye kiti kisichosogea, kazi yote ikafanywa na mabega na mikono. Msichana mmoja wa Gredi ya Nne aliuliza ni nani humwingiza mashuani. Ni swali zuri mno. Mtu anayetegemea kiti cha magurudumu huhitaji wa kumshikia mashua, wa kumsaidia kukaa, na kocha wa kumngojea. Tunapomsifu bingwa, hao huwa hatuwataji.

Nikawasimulia watoto pia habari za Henry Wanyoike, mkimbiaji asiyeona kutoka mji wa Kikuyu, ambazo nadhani wazazi wenye umri wangu mnazikumbuka. Mwaka 1995, akiwa kijana mwenye ndoto ya kukimbia, kiharusi kilimpokonya macho kwa usiku mmoja. Kwa muda mrefu alijifungia nyumbani amekata tamaa. Hakutoka humo kwa nguvu zake peke yake: walikuwapo waliomfuata, akaenda Machakos kujifunza ufundi katika chuo cha wasioona, na polepole akarudi kwenye mbio. Sydney, mwaka 2000, alishinda dhahabu ya mita 5,000, na mwelekezi wake, yaani anayekimbia ubavuni mwake kumwonyesha njia, alikuwa mgonjwa siku hiyo kiasi kwamba Wanyoike ndiye aliyemsukuma hadi kwenye utepe. Miaka minne baadaye, Athens, alichukua dhahabu ya mita 5,000 na ya 10,000, safari hii akikimbia na Joseph Kibunja, rafiki yake wa utotoni.

Katika mbio hizo za wasioona wakimbiaji huvaa vifuniko vya macho, hata anayeona mwanga kidogo, ili wote wawe sawa. Mkimbiaji na mwelekezi wake hushika kamba fupi, na mwelekezi haruhusiwi kuvuka utepe kabla ya mwenzake. Siku hizi naye huvishwa medali. Nancy Chelangat Koech alipopata shaba ya mita 1,500 kule Tokyo, alikuwa na mwelekezi wake Geoffrey Rotich ubavuni.

Wazazi wenzangu, ninachowaomba ni kwamba mtushikishe kamba hiyo. Nyumba ikiyumba, mwambieni mwalimu wa darasa mapema, kabla mtoto hajaanza kukosa masomo. Hatutauliza mengi, na mtakayosema hayatatoka ofisini. Sare walizoacha wanafunzi wa juu tumezifua na kuzihifadhi, njooni mchague. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula, hilo mlichukue kama ahadi yangu.

La pili ni zito zaidi. Najua mtaani kwetu wapo watoto wenye ulemavu ambao hawajawahi kuvuka lango la shule yoyote. Baadhi ni ndugu wa wanafunzi wetu. Siwalaumu wazazi wao, maana najua maneno ya watu yanavyochoma. Lakini mtoto huyo ana haki ya dawati sawa na nduguye. Mleteni Januari. Tutawaelekeza kwenye kituo cha tathmini ya elimu, mahali ambapo wataalamu humpima na kushauri shule au msaada unaomfaa, na tutawasaidia kumsajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mkiona ni vigumu kuja shuleni, nitumieni ujumbe kupitia mtoto aliye huku, nami nitawafuata nyumbani.

Likizo ni ndefu. Watoto wasiende baharini bila mtu mzima, na nyanya na babu wanaoachiwa wajukuu wapewe nambari ya simu ya mwalimu wa darasa. Vitabu vya shule virudishwe kabla ya Alhamisi tarehe 31, siku ambayo Gredi ya Sita wanamaliza mtihani. Ofisi yangu itakuwa wazi hadi siku hiyo. Shule itafunguliwa Jumatatu, tarehe 6 Januari 2025.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu