Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, Lubumbashi

Wapendwa wanachama, mababa na mamama,

Michango ya mwaka huu imeingia vizuri, na hesabu zake mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja: matapeli wanaowalenga wafanyakazi wa Leta, yaani wa serikali.

Baada ya Mobutu kuanguka mwaka 1997, watu wa nchi nyingi walipokea barua zilizotumia jina la familia yake, zikiahidi sehemu ya mamilioni kwa yeyote atakayetanguliza ada ndogo ya kuyatoa benki. Siku hizi tapeli humtafuta pia mkuu wa ofisi anayengoja kupandishwa cheo, au anayetamani kwa moyo safi kuipatia komine yake gari la wagonjwa. Humwalika kwenye mkutano New York, ndege ikilipwa na waandaaji lakini hoteli ailipie mwenyewe mapema. Au humwarifu kwamba kontena la msaada limekwama mpakani Kasumbalesa likingoja ushuru. Mhuri huonekana wa kweli, na jina la mkurugenzi huwa la mtu aliyepo, kwa kuwa majina hayo hutangazwa wazi. Kinachomfichua ni malipo yanayotangulia, namba ya simu ya mtu binafsi ya kupokelea pesa, na, kwangu mimi ishara kubwa kuliko zote, ombi kwamba usimwambie mtu.

Katika kaunti ya Alcona, jimbo la Michigan, Marekani, mweka hazina aliyeaminiwa kwa miaka mingi alinaswa namna hii, akazama hadi kuchota fedha za umma, na mwaka 2007 akafungwa. Aliyekwisha kulipa hulipa tena akitumaini kuokoa alichotoa kwanza, na mwenye ufunguo wa kasha la serikali ana mahali pa kuchota. Kwetu, mishahara inapochelewa, kishawishi hicho huzidi. Nalisema hili kwa huruma kwa wenzangu.

Kamati inapendekeza kwamba mwanachama yeyote anayepokea mwaliko, uteuzi au msaada unaodai malipo auonyeshe kwa wenzake wawili kabla ya kutuma hata faranga moja, nao waulize ofisi iliyotajwa kwa kufika wenyewe au kwa namba isiyotoka kwenye barua hiyo. Aliyekwisha kulipa ahifadhi ujumbe na risiti, akashitaki, kwani kifungu cha 98 cha sheria yetu ya jinai kinaadhibu utapeli, na kamati itamsindikiza. Pendekezo hili tutalipigia kura baada ya taarifa ya mweka hazina.