Kilatini kwa mlango wa Kiswahili

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa walimu wenzako wote. Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kusikia kwamba umekabidhiwa Kilatini cha kidato cha kwanza hapo seminari. Umeniuliza uanzie wapi. Anzia kwenye Kiswahili. Kile kitabu cha Kiingereza ulichokikuta kabatini kitakufaa kwa mazoezi na orodha ya maneno, lakini maelezo yake yametungwa kwa ajili ya mtoto wa Kiingereza, na yanayomtatiza mtoto yule siyo yanayowatatiza wanafunzi wako.

Chukua neno amat. Kitabu kitajaza ukurasa kueleza kwamba mtendaji yumo ndani ya kitenzi, na kwamba huwezi kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Mwanafunzi wako anasema anapenda tangu utotoni na hajawahi kushangaa. Andika ubaoni amo, amas, amat, amamus, amatis, amant, na mkabala wake ninapenda, unapenda, anapenda, tunapenda, mnapenda, wanapenda. Waulize nafsi iko wapi. Wataona wenyewe kwamba sisi tunaiweka mbele na Warumi wanaiweka mkiani. Ukigeuza amat kuwa amatur, wataona kazi ile ile ya -w- katika anapendwa. Dakika kumi zinatosha.

Upatanisho nao wanao tayari. Anayesema kitabu kizuri, vitabu vizuri hatahangaika na puella bona (msichana mzuri), puellae bonae (wasichana wazuri). Watakwama kwenye agricola bonus, kwa sababu agricola lina umbo la kike lakini mkulima huyo ni wa jinsia ya kiume. Hapo waulize: kwa nini tunasema kijana mrefu, siyo kijana kirefu? Umbo ni la KI-, upatanisho ni wa A-WA. Nauta (baharia) na poeta (mshairi) ni vijana wa aina hiyo hiyo. Ukilifundisha hivyo mara moja, hutalirudia.

Kazi kubwa iko kwenye miisho ya nomino. Usiwape jedwali zima la miisho ya mensa (meza) siku ya kwanza. Wataliimba vizuri kama sala, halafu hawataweza kusoma sentensi ya maneno matatu. Wiki mbili za mwanzo wape nominativi (umbo la mtendaji) na akusativi (umbo la mtendwa) tu, umoja na wingi. Andika nauta puellam videt, kisha puellam nauta videt, kisha videt puellam nauta. Zote tatu ni baharia anamwona msichana. Darasa karibu zima litasoma ile ya pili kuwa msichana anamwona baharia, maana sisi tunamtambua mtendaji kwa nafasi yake katika sentensi. Hapa Kiswahili kinawapotosha, na ni lazima uwaambie hivyo wazi. Dawa ni mazoea: kila sentensi, kabla ya kutafsiri, wapigie kitenzi mstari chini, wasome mwisho wake kujua ni nafsi ipi, watafute nominativi inayolingana nao, ndipo waende kwenye -m ya akusativi. Asiruhusiwe mtu kufungua kinywa kabla ya kufika kwenye -m.

Genitivi, umbo la mwenye kitu, ina mtego wake. Katika kitabu cha mtoto, ile cha inapatana na kitabu; katika liber pueri, anayebadilika ni mtoto. Wasipoelezwa, watalichezea liber na kumwacha puer alivyo. Dativi, umbo la anayefanyiwa au kupewa, ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Amico epistulam scribo ni namwandikia rafiki barua: sisi alama ya kumfanyia mtu tunaibandika kwenye kitenzi, wao wanaibandika kwa huyo mtu. Ablativi, umbo la mahali, chombo au chanzo, iwe ya mwisho, na uingilie kwenye -ni ya nyumbani, maana hiyo angalau inawaonyesha nomino ikibeba kazi yake mkiani.

Matamshi: chagua moja na usibadilishe katikati ya mwaka. Kwa kuwa wanaimba misa, chukua ya Kanisa, ambapo Cicero, yule msemaji wa Kirumi, ni Chichero, ila waambie kwamba mwenyewe aliitwa Kikero. Mkazo ndio utakaokusumbua zaidi. Ulimi wetu unakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo dominus litatoka do-MI-nus. Sheria ni fupi: silabi hiyo ikiwa nzito (ina vokali ndefu au inafungwa na konsonanti), ikaze, kama a-MI-cus, ikiwa nyepesi, rudi nyuma moja, DO-mi-nus. Wakumbushe barabara wanayopita kwa miguu na kazi iliyofanyika barabara, wataelewa kwamba mkazo una maana. Na vistari vya juu ya vokali, vinavyoonyesha vokali ndefu, visikosekane kwenye daftari. Malum ni uovu, mālum ni tofaa, kama kufa na kufaa. Puella ni nominativi, puellā ni ablativi, na kistari ndicho pekee kinachozitenganisha.

Wakishika hayo, usingoje miaka minne ndipo waione fasihi. Wape Ovid, mshairi wa Kirumi, kitabu cha 8 cha utenzi wake Metamorphoses, mistari ya 183 hadi 235, habari za Daedalus na mwanawe Icarus. Kwanza simulia ngano yenyewe kwa Kiswahili, dakika tano: fundi aliyezuiwa kisiwani Krete na mfalme Minos, mabawa ya manyoya yaliyofungwa kwa uzi katikati na kwa nta chini, onyo la baba, jua. Kisha uwape mistari michache tu, siyo yote. Mmoja wao ni huu:

unda gravet pennas, si celsior, ignis adurat

Baba anamwonya mwana ashike njia ya kati, akishuka mno wimbi lisije likayalemea mabawa, akipaa mno moto usije ukayaunguza. Tazama gravet. Kawaida ni gravat. Hapa -a- imekuwa -e-, kama apenda kuwa apende. Amat, amet, apenda, apende. Darasa litachangamka, na ni haki yao. Lakini usiwaache hapo, kwa maana adurat kwenye mstari ule ule ni namna hiyo hiyo ya kitenzi, na kawaida yake ni adurit. Ulinganifu wa -a na -e ni wa kundi la amare peke yake. Makundi mengine matatu yanachukua -a-. Sijui mstari mwingine unaofundisha yote mawili kwa maneno saba.

Kisha waonyeshe baba akimtafuta mwanawe:

at pater infelix, nec iam pater, 'Icare,' dixit,
'Icare,' dixit 'ubi es? qua te regione requiram?'
'Icare' dicebat: pennas aspexit in undis

Dixit, dixit, kisha dicebat. Akasema, akasema, halafu alikuwa bado akisema alipoyaona manyoya majini. Kitabu kitawapa wakati huo kwenye jedwali. Hapa wanausikia, baba hajamaliza kuita na jibu limeshafika. Nec iam pater ni si baba tena. Waache watafsiri wenyewe, na ukisikia darasa limenyamaza, usijaze ukimya huo kwa sarufi.

Kwa mahadhi, waliozoea utenzi watahesabu mizani, nane nane, na hesabu haitakubali, kwa kuwa Ovid anapima urefu wa silabi, siyo idadi. Wapige makofi: silabi ndefu makofi mawili, fupi moja, makofi manne kwa kila hatua, hatua sita kwa mstari. Anza na ule wa unda gravet. Unagawanyika safi: unda gra, vet pen, nas si, celsior, ignis a, durat. Silabi ya mwisho kabisa wahesabu ndefu daima.

Niandikie ukifika kwenye ablativi, unitumie na makosa yao kama yalivyo, bila kuyasahihisha. Nitakurudishia mazoezi yanayoyafuata hayo hayo.

Wasalaam,
nduguyo