Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Randa Tulizojitengenezea kwa Mbao Kuukuu

Ndugu wanachama,

Mahesabu ya fedha mtasomewa na mweka hazina, na ada zilizochelewa sitazirudia hapa kwa sababu wahusika wanajifahamu. Taarifa yangu inahusu kazi moja tu tuliyokubaliana katika mkutano uliopita, kwamba kila mwanachama mwenye nia ajitengenezee randa na nyundo ya mti kwa mbao zilizokwisha kutumika, badala ya kuendelea kununua randa za bei nafuu ambazo chuma chake hupoteza makali kabla fundi hajamaliza mlango mmoja.

Mbao bora tulizozipata zilitoka katika nyumba za zamani zilizobomolewa pande za Old Moshi na Kibosho, hasa fremu za milango ya mninga. Mninga ndio uliotufaa kuliko mbao nyingine kwa mwili wa randa, kwa kuwa ukishakauka haucheziwi sana na hali ya hewa, na sifa hiyo fundi anaihitaji kuliko hata ugumu: randa ambayo uso wake wa chini umepinda kwa unene wa karatasi haiwezi kunyoosha ubao wa mtu. Mringaringa kutoka vihambani tuliuona mwepesi mno, tukauachia masanduku ya zana. Vipande vidogo vya mpingo, ule mti ambao ukiutumbukiza kwenye ndoo ya maji unazama, tulivigandisha mbele ya mdomo wa randa, yaani ule upenyo wa chini ambamo makali hutokeza, mahali panapolika upesi.

Kuhusu paleti za mizigo kutoka nje, kamati iliweka utaratibu ambao naomba uheshimiwe. Kabla ya kupokea paleti, tafuta muhuri wake. Herufi HT maana yake mbao ilipashwa joto hadi nyuzi 56 za sentigredi kwa dakika 30 ili kuua wadudu. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni gesi ya sumu, na paleti ya namna hiyo haiingii karakana yetu. Mataruma ya reli yaliulizwa tena mwaka huu. Ni mali ya umma, na ya mbao hulowekwa kriosoti, mafuta ya lami yenye sumu ya kuzuia mbao kuoza, kwa hiyo mjadala huo nimeufunga.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu wengi mmelisikia nusu nusu. Niliwahi kununua kwa fedha za chama kenchi za nyumba moja iliyokuwa ikibomolewa, baada ya mwenye nyumba kunihakikishia kwamba hazijawahi kupakwa kitu chochote. Zilikuwa nzito, zimenyooka, na rangi yake ya kahawia iliyoiva niliidhania kuwa ni uzee. Tulichana, tukaranda, tukapaka gundi mashavu mawili, yaani mbao za ubavuni, ya randa ya kwanza, na kwa kuwa jiriwa zetu za kubania mbao hazitoshi tukayafunga kwa vipande vya tyubu ya gari vilivyovutwa kwa nguvu. Asubuhi yake mmoja wetu aligonga taratibu tu kwa nyundo ya mti, shavu moja likabanduka lote, na gundi ikabaki upande mmoja ikiwa kavu na nyembamba kama ganda la kitunguu. Kenchi zilikuwa zimepakwa oili chafu dhidi ya mchwa miaka mingi iliyopita, nayo ilikuwa imezama ndani kiasi kwamba hata tuliporanda milimita 5 zaidi gundi haikushika. Harufu tuliisikia tulipochana, tukaipuuza. Fedha ya mbao na ya gari nimeirudisha kwenye mfuko wa chama.

Muundo tulioufuata ni ule ambao fundi samani James Krenov aliufanya ujulikane huko Marekani, wa kuchana mashavu kutoka kwenye gogo la randa, kukata sehemu ya katikati kwa mshazari, kisha kuvigandisha tena, hivyo kwamba fundi hachimbi tundu la chuma kwa patasi. Tulianza kwa kukilaza chuma kwa nyuzi 45, ikafaa kwa msonobari, lakini juu ya mkongo, ambao nyuzinyuzi za mbao yake zimepishana, randa ikawa inanyofoa badala ya kukata. Tulipoinua hadi nyuzi 50 na kubana mdomo, maranda yalitoka membamba kiasi kwamba ukiyalaza juu ya gazeti unasoma herufi.

Chuma chenyewe kilitusumbua kuliko mbao. Tulitumia springi za gari kuukuu, tukazipasha moto ziwe nyekundu, tukaanza kwa kuzizimisha ghafla katika maji ili ziwe ngumu, na vyuma viwili vya kwanza vikapasuka. Tukabadili na kutumia mafuta, tukipima moto kwa sumaku ya spika iliyoharibika: chuma kikiacha kuvutwa na sumaku, kimefikia joto lake, nacho kiingizwe kwenye mafuta papo hapo. Baada ya hapo kisuguliwe king'ae na kupashwa tena polepole, kwenye oveni ya nyuzi 200 hivi, hadi kigeuke rangi ya nyasi kavu. Aliyeruka hatua hiyo ya pili alipata makali yanayokatikakatika.

Sumaku hiyo hiyo ipitishwe juu ya kila ubao kabla haujagusa msumeno, maana misumari iliyokatika kichwa haionekani kwa macho. Wanaosugua mkongo kwa msasa wafunge pua, kwa kuwa vumbi lake huwasha.

Kwa mwaka ujao naomba mkutano uidhinishe ununuzi wa mawe mawili ya kunolea ya kutumiwa kwa pamoja. Zile kenchi bado zimelala nyuma ya karakana; mwenye banda linalohitaji nguzo azichukue bure kabla ya mkutano, ila asizifanye kuni za kupikia.

Mwenyekiti,
Moshi