Vijana wanaojifunza muziki Kisumu wapewe ukumbi na wasikilizaji

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo lililonikaa moyoni tangu nilipoanza kuwafundisha vijana kuimba na kupiga ala hapa Manyatta, nalo ni kwamba tunawapa mafunzo bila kuwapa wasikilizaji, kisha tunashangaa mbona wengi wanaacha njiani.

Jumamosi moja mwaka jana, sisi walimu wachache wa kwaya tulikusanya vijana wapatao thelathini kwa warsha ya siku moja. Ukumbi hatukuwa nao, kwa hiyo tulikaa chini ya mwembe katika ua wa kanisa. Miongoni mwao alikuwamo mvulana wa miaka 15 aliyekuja na orutu aliyoachiwa na babu yake. Orutu ni zeze la Waluo lenye uzi mmoja tu, na kwa kuwa halina alama ya kumwonyesha mpigaji mahali pa kuweka kidole, sikio lake ndilo linalomtafutia kila sauti. Asubuhi nilimkuta peke yake nyuma ya jiko la kanisa akipiga, nikasimama kando nisimkatize, maana upinde ulikuwa ukiteleza bila kukwaruza na wimbo ulikuwa ukipanda na kushuka kama mtu anayemsimulia mwenzake jambo. Saa tisa alasiri tulipomwomba awapigie wenzake, mkono ulimtetemeka, upinde ukaruka, akapoteza sauti ya kuanzia. Aliniangalia akasema, "Mwalimu, mkono umekataa," akaketi. Nilipomuuliza baadaye, aliniambia kwamba kwa miaka miwili aliyokuwa akipiga hakuwa amempigia mtu yeyote isipokuwa nyanya yake.

Ninaeleza kisa hiki kwa sababu najua wako wengi kama yeye Kisumu, Siaya, Kakamega na Vihiga. Kupiga mbele ya watu ni sehemu ya kujifunza muziki, tena ni sehemu ambayo mtu hawezi kujifundisha chumbani. Kusikilizana na mwenzako, kuendelea baada ya kukosea, kujua wimbo umewachosha watu na kuukatiza kwa adabu, haya yote yanahitaji watu walioketi mbele yako.

Zamani hakuna aliyehitaji kuandika barua kuomba jambo hili. Harusi, matanga, na mikesha ya kila namna ndiyo yaliyokuwa majukwaa, na mtoto alianza kwa kuitikia, akapewa kayamba ashike, akawa mpigaji kabla hajajua kwamba alikuwa akifundishwa. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, yenye ngoma zake tatu, kubwa, ya kati na ndogo, huchezwa kwenye harusi, tohara na mazishi vilevile. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Ninaposoma neno hilo "haraka" siwazi ngoma zenyewe, kwa kuwa wachongaji bado wapo. Nawaza harusi ambazo siku hizi zinakodi spika na dijei kuanzia asubuhi hadi usiku, ambapo kijana aliyefanya mazoezi mwezi mzima hapati hata dakika kumi. Sina ugomvi na madijei, nao wanatafuta riziki. Lakini walipochukua nafasi yote, hatukuwatafutia wanagenzi nafasi nyingine.

Wapo watakaosema kwamba tuna Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na kwamba shule zetu za magharibi hufanya vizuri humo. Ni kweli, na mimi mwenyewe ni mtoto wa tamasha hilo. Hata hivyo, tamasha ni mashindano. Kwaya hufanyia mazoezi wimbo mmoja kwa miezi kadhaa, huuimba kwa dakika chache mbele ya waamuzi, na ikishindwa katika kaunti ndogo safari yake ya mwaka huo imekwisha. Zaidi ya hayo, mlango wenyewe ni wa wanafunzi hasa, na kijana akimaliza Kidato cha Nne bila kuingia chuo, hubaki na sauti nzuri na solfa kichwani bila pa kuzipeleka. Nimewaona wengi wa namna hiyo wakiendesha boda boda hapa Kondele. Wengine bado huniimbia sauti yao ya besi njiani tukienda, bila kukosa hata neno.

Mimi nilizaliwa Vihiga, na huko niliona jambo likifanywa kwa njia sahihi bila fedha nyingi. Kanisa la Jeshi la Wokovu, ambalo liliingia Kenya mwaka 1921, lilieneza bendi za tarumbeta na ngoma katika vijiji vyetu, na mtoto hakungojea awe stadi ndipo apewe nafasi. Aliketi kando ya mkubwa wake, akapiga sauti tatu alizozijua, akanyamaza palipomshinda, akaingia tena, na Jumapili alitembea barabarani na bendi nzima huku majirani wakitoka milangoni kumtazama. Mafunzo na maonyesho yalikuwa kitu kimoja.

Warsha yetu ya pili tulijaribu kuifanya kwa mtindo huo. Tulimwalika kutoka Siaya mzee mmoja mpigaji wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, tukachanga nauli yake. Aliketi kwenye kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa muda wa saa nzima hakuruhusu mtu yeyote kugusa nyuzi nane za ala ile, ambazo siku hizi ni mishipi ya kuvulia samaki. Aliwafundisha mguu kwanza: kugonga pete kwenye ukingo wa nyatiti, sawasawa, bila kuharakisha, hata mtu akikusemesha. Vijana walidhani ni mzaha hadi walipojaribu kugonga na kuimba kwa pamoja wakashindwa. Msichana mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama naye anaruhusiwa, kwa maana desturi ilikuwa kwamba nyatiti ni ya wanaume. Mzee alimjibu, "Mjukuu wangu, yule Mjapani tuliyempa jina la Anyango alikuja akajifunza nyatiti huko Alego, wewe wa hapa nikunyime kwa nini?" Alimpa kigoda chake. Jioni kila aliyejifunza alisimama akaonyesha alichokipata, hata kama ni kugonga pete peke yake, na yule mvulana wa orutu alipiga wimbo mmoja hadi mwisho. Alikosea katikati, akaendelea.

Warsha ya tatu haikufanyika. Mvua ilitulazimu kutafuta paa, na bei ya ukumbi wa kwanza tuliouulizia, kwa alasiri moja, ilizidi michango yetu ya miezi mitatu. Wa pili tulikubaliwa kwa maneno, lakini siku ilipofika tulikuta umepewa mkutano wa siasa. Vijana waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Nyalenda na Obunga, wengine na ala zilizofungwa kwa mifuko ya plastiki, tuliwaambia warudi nyumbani. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Ninachoiomba serikali ya kaunti ni kitu kidogo kinachoweza kuanza mwezi ujao. Jumamosi moja ya kila mwezi, tuseme ya mwisho, ukumbi mmoja wa umma ufunguliwe bila malipo kwa wanamuziki wachanga na wa kujifurahisha, asubuhi kwa mafunzo na alasiri kwa kupigiana, na siku hiyo isiweze kunyakuliwa na shughuli nyingine. Mji huu una ukumbi wa kijamii wenye jina la Mama Grace Onyango, aliyekuwa meya wetu wa kwanza mwanamke na ambaye mwaka 1969 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge katika nchi hii. Ungefaa sana kuwa nyumba ya watu wanaoanza. Vipaza sauti viwili vinatosha. Kombe halihitajiki, wala mgeni wa heshima. Kinachohitaji fedha kidogo ni nauli na ahsante ya wazee wanaojua nyatiti, orutu na litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, kwa maana si haki kumwomba mzee aje kutoa elimu ya maisha yake yote kisha arudi nyumbani na soda. Walimu wa kwaya tuko tayari kujitolea, na wanafunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Maseno, nusu saa tu kutoka hapa kwa matatu, wangepata mahali pa kufundishia wanachokisomea.

Najua kaunti inahitaji mapato ya kumbi zake, na sitaki kulipuuza hilo. Lakini siku kumi na mbili kwa mwaka si nyingi, na mahitaji yanaongezeka: katika sekondari ya juu ya mtaala mpya, sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu anazochagua mwanafunzi, na shule nyingi zilizoipokea hazina ala wala mwalimu wa kutosha. Wanafunzi hao wataenda wapi Jumamosi?

Kwa wazazi nina ombi jepesi zaidi. Mkiwa na harusi au ruracio, yaani sherehe ya mahari, mwambieni dijei aanze saa moja baadaye, muwape vijana wa mtaani saa hiyo. Watakosea. Vumilieni, wapigieni makofi, na mwalikeni tena yule aliyekosea zaidi.

Mvua za masika huanza mwezi Machi, nasi bado tuko chini ya mwembe. Yule mvulana amekwisha kuniuliza mara mbili tutakutana wapi zikianza, kwa sababu ngozi ya orutu ikilowa hulegea na sauti hupotea. Ningependa kumpa jibu kabla ya wakati huo.

Mwalimu wa kwaya,
Manyatta, Kisumu