Njia za miguu Bonde la Msimbazi zipimwe kwa bamvua

Mhariri,

Kila masika yanapofunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, mwenda kwa miguu ndiye wa kwanza kukwama na wa mwisho kukumbukwa. Sasa bonde linajengwa upya kwa mradi unaogharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na washirika wengine, na ndani yake mna daraja jipya la Jangwani na bustani ya jiji. Naomba nafasi nizungumzie kipande kidogo cha kazi hiyo ambacho ndicho chepesi kuharibika: njia za kutembelea. Ombi langu ni kwamba kimo cha maji kipimwe kwanza, mstari wa njia uchorwe baadaye.

Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani hadi kuingia baharini kwenye Daraja la Salender. Sehemu yake ya chini ina mabwana wawili, mvua na bahari. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani ya Dar es Salaam huzidi mita 3. Mvuvi yeyote wa Msasani atakueleza pia saa zake: bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, hata baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, yanajaa mnamo saa nne. Maana yake ni kwamba mara mbili kwa mwezi maji ya bahari hujaa wakati ambapo watu wanaanza kutoka kazini. Na bamvua kubwa za mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba, ile ya Machi ikigongana na mwanzo wa masika. Mto ukileta mafuriko saa hiyo, bahari inakuwa imefunga mlango, na maji yanarudi Jangwani.

Kwa hiyo hakuna njia moja ya Msimbazi. Ziko mbili, na kila moja ina ujenzi wake.

Ya kwanza ni ya mikokoni, upande wa Salender. Hapa kosa kubwa ni kujaza kifusi. Tuta la kifusi hukata maji ya bahari; upande wa nyuma maji yakituama, mizizi ya mchu inayosimama kama penseli hukosa pumzi, na miti hukauka kwa makundi. Wajenzi hujitetea kwamba wameweka makalvati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya tuta. Tatizo la makalvati ni kwamba mara nyingi huwekwa juu ya kitako cha mkondo, kwa hiyo maji ya bamvua huingia, ya kupwa hayatoki. Kama hapana budi kuweka kalvati, kitako chake kiwe sawa na kitako cha mkondo au chini kidogo. Lakini jibu sahihi mikokoni ni njia ya mbao juu ya nguzo.

Kimo chake kinapatikana kwa kazi ya siku mbili. Chomeka vijiti kila mita 20 kwenye mstari unaofikiriwa, vipake chokaa, kisha subiri bamvua kubwa ya Machi. Maji yataosha chokaa hadi pale yalipofika. Mpimaji ahamishe alama hizo kwenye kitabu chake, na kitako cha boriti za njia kiwe sentimita 50 juu ya alama ya juu kuliko zote. Wakati huohuo pima tope kwa nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 3. Nondo ikizama yote kwa kusukumwa na mtu mmoja, nguzo fupi hazitasimama. Hesabu angalau theluthi mbili za urefu wa nguzo ziwe chini ya ardhi, kwa maana katika tope la namna hii nguzo hushikwa na msuguano wa ubavuni, hailali juu ya mwamba.

Miti yenyewe hueleza mengi. Mlilana na mkoko huzoea kufikiwa na maji karibu kila siku. Mkandaa, na mchu ule mfupi wa upande wa nchi kavu, mara nyingi hufikiwa na bamvua tu. Njia inayofuata ukingo huo wa nyuma huhitaji nguzo fupi, mbao chache na fedha kidogo. Anayetaka kumpeleka mwananchi katikati ya mkoko apige picha nzuri ajue analipia mara mbili. Na mikoko yetu yote ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hata tawi halikatwi bila kibali: njia ipinde, mti ubaki. Zaidi ya hapo, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinalinda mita 60 kutoka kwenye maji, kwa hiyo tathmini ya athari kwa mazingira ni ya lazima.

Mbao ziwe za mtiki. Mashamba yetu ya Longuza na Mtibwa yanao. Upana wa njia uwe mita 1.8 ili viti viwili vya magurudumu vya watu wenye ulemavu vipishane, mteremko usizidi mita 1 kwa kila mita 12, na kati ya ubao na ubao paachwe milimita 8 hadi 10 za kupitisha mwanga na maji. Misumari ya kawaida isiingie kabisa. Chumvi huila ndani ya muda mfupi, ubao hujikunja, na kichwa cha msumari hubaki kinasubiri kisigino cha mtu. Zitumike bolti zilizochovywa kwenye zinki ya moto, na vichwa vyake vizamishwe kwenye mbao. Nguzo za zege zinafaa kuliko za mti, kwani sehemu inayolowa na kukauka kila siku ndiyo inayooza, na minyoo ya baharini hutoboa mti bila kuonekana kwa nje. Mafundi wa majahazi hawakuwa wakipaka shahamu kwa urembo. Ila zege nalo lina sharti lake: nondo zifunikwe kwa angalau milimita 50. Zikifunikwa kwa 20 kama kwenye nguzo ya nyumba, kutu huvimba na zege hupasuka vipande.

Kuna jambo la ratiba ambalo mikataba huliruka. Kwenye tope la chini fundi hufanya kazi maji yakipwa sana tu, yaani siku za bamvua, kwa muda wa takriban saa mbili kabla ya saa nne asubuhi na saa mbili baada yake. Ukihesabu, ni kama siku 8 hadi 10 kwa mwezi. Mkandarasi aliyepewa siku 90 za kalenda atazimaliza akiwa na siku 30 hivi za kazi, na hapo ndipo kifusi kinapoanza kuletwa usiku.

Mifano ya njia za mbao mikokoni ipo, Pete karibu na Jozani kule Unguja, na Gazi huko Kwale, Kenya. Lakini ile ni njia ya mgeni anayelipa kiingilio na kuondoka. Njia ya Salender itabeba watu wa kila siku, mizigo na watoto wa shule. Fungu la kubadilisha mbao litoke kwenye bajeti ya mwaka, lisisubiri kiingilio.

Njia ya pili ni ya bondeni, kuanzia Jangwani kwenda Kigogo. Huku ushauri ni kinyume: njia isiinuliwe. Iachwe ifurike. Njia iliyoinuliwa nusu mita tu ni bwawa, na maji yaliyozuiwa yataingia kwenye nyumba za watu. Lakini ifurike bila kufa. Matofali ya kupanga hayafai, mkondo hunyonya mchanga wa chini yake na yakaanza kucheza kama meno ya mzee. Moramu, udongo wa changarawe, huondoka na mvua ya kwanza. Kinachodumu ni zege la milimita 125 lenye uso wa kukwaruza, liwe na maungio kila mita 3, na kingo zake zizamishwe sentimita 40 ardhini, hasa upande maji yanakotokea baada ya kuvuka njia, kwa kuwa huko ndiko huchimba. Upana uwe mita 3. Si kwa fahari: baada ya kila mafuriko njia itafunikwa na mchanga na chupa za plastiki, na trekta dogo lenye koleo la mbele lazima lipate pa kupita. Mifereji ya kufunikwa isijengwe, itaziba siku ya kwanza. Swichi na nyaya za taa ziwe juu ya alama ya maji ya Desemba 2011, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini na kuhamishia familia nyingi Mabwepande.

Maji ya mto huu hubeba majitaka, kwa hiyo mtu asilazimike kuyavuka kwa miguu. Kila mwingilio uwe na nguzo iliyopakwa rangi: maji yakigusa njano, usianze safari, yakigusa nyekundu, mlinzi afunge lango. Mlinzi huyo atajwe kwa cheo ndani ya mkataba wa uendeshaji. Lango lisilo na mwenyewe hubaki wazi, au hufungwa mwaka mzima.

Mwisho ni bodaboda. Watu hupendekeza vigingi vya kuzizuia. Usukani wa pikipiki una upana wa kama sentimita 75 hadi 80, na kiti cha magurudumu kama 70. Kigingi kitakachozuia kimoja bila kusumbua kingine karibu hakipo, na dereva wa bodaboda huinamisha usukani akapita huku mwenye kiti akikwama. Dawa ni kuwapa bodaboda maegesho kwenye kila mwingilio, ili abiria ashuke hapo, na kuweka mlinzi saa za asubuhi na jioni.

Vimo vya bamvua na vya mafuriko vitakavyopimwa vibandikwe kwenye ofisi za kata za Jangwani, Kigogo, Hananasif, Upanga Mashariki na Upanga Magharibi kabla zabuni hazijafunguliwa, wakazi waviangalie na kusema kama maji waliyoyaona wao yalifika hapo au yalipita.

Mhandisi mstaafu wa barabara,
Magomeni, Dar es Salaam