Mnara wa Hilton ulindwe kuanzia chini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niongezee neno katika makala mliyoyachapisha kuhusu hoteli kubwa za jijini Nairobi, yaliyozipanga kwa idadi ya vyumba, mabwawa ya kuogelea, kumbi za mikutano na kasi ya intaneti. Sina ugomvi na vipimo hivyo, kwa kuwa anayelipia kitanda ana haki ya kujua kama maji ya moto yatafika bombani alfajiri. Hata hivyo, wengi wetu hatujawahi kulala katika hoteli hizo hata usiku mmoja, na bado tumeishi nazo miaka yote tukizitumia kutokea barabarani, na huko makala yenu hayakufika.

Nianze na Hilton, ambayo Rais Jomo Kenyatta aliifungua Desemba 1969, miezi mitano tu baada ya waziri wake, Tom Mboya, kupigwa risasi katika barabara ile ile, wakati huo ikiitwa Government Road na leo Moi Avenue. Mnara wake ni wa mviringo, mithili ya msonge uliovutwa kwenda juu, na umbo hilo halikuwa la madaha matupu. Kiwanja chake kimebanwa na barabara pande zote, kikichongoka kama kipande cha andazi, na jengo la pembe nne lingelazimika kuigeuzia kisogo barabara mojawapo. Mviringo hauna kisogo. Kila chumba kikapata dirisha la nje, na chini ya mnara wakajenga ghorofa pana zenye maduka na njia za kupita, ambamo mtu aliweza kukinga mvua akitazama vinyago asivyokuwa na nia ya kuvinunua.

Ndiyo maana Hilton iligeuka jina la mahali hata kwa watu wasiokuwa na habari na vitanda vyake. Mgeni kutoka mashambani aliambiwa tu, "Tukutane Hilton," na hakupotea, maana mnara ulionekana kutoka mbali. Mimi mwenyewe nilimpokea mjomba wangu hapo zaidi ya mara moja, yeye na furushi lake la mahindi, na hakuna aliyetuuliza tunatafuta nini kivulini. Hoteli ilifungwa mwisho wa mwaka 2022, lakini jina lingali midomoni mwa makanga.

Sisemi kwamba hoteli zetu za zamani zilikuwa na upole kwa kila mtu, kwani historia ingenikanusha mara moja. Norfolk, iliyofunguliwa sikukuu ya Krismasi ya 1904, ilikuwa nyumba ya chini yenye baraza refu mbele, na baraza hilo lilikuwa la walowezi. Machi 1922 umati ulipokusanyika karibu na hapo kudai Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe, askari walifyatua risasi, na walowezi waliokuwa barazani Norfolk wakajiunga nao kwa bunduki zao. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo 21, idadi ambayo wengine waliiona kuwa ndogo mno. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli hiyo inaitwa Harry Thuku, na kila mgeni anayeagiza teksi hulitamka jina lake, ajue asijue.

Stanley nayo ina mambo yake. Ilianzishwa na Mayence Bent mwaka 1902, ikaungua 1905, ikahama, na ndipo ilipokuja kuitwa New Stanley. Soko la Hisa la Nairobi lilipoundwa mwaka 1954, madalali waliuziana hisa humo humo hotelini juu ya vikombe vya kahawa, biashara ambayo Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kushiriki hadi uhuru ulipopatikana. Lakini Stanley ndiyo pia iliyoweka mkahawa wake ukingoni mwa barabara mwaka 1959, chini ya mgunga ambao wasafiri walibandika barua kwenye shina lake, mmoja akimwachia mwenzake habari kwamba ametangulia Kampala au Mombasa. Mti ulioko sasa ni wa tatu. Barua hakuna tena, maana simu imezimaliza, ila viti vipo, vikitazamana na wapita njia. Hiyo ni huduma ambayo haikutajwa katika orodha yenu, nami naiweka juu ya bwawa.

Tazameni na wenzetu wa Dar es Salaam. Hoteli ya Kaiserhof, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1906 na baadaye kuitwa New Africa, ilibomolewa, na hoteli mpya ikasimama ikiwa na jina lile lile bila kuta zile. Kilimanjaro, iliyochorwa na wasanifu wa Kiisraeli na kufunguliwa 1965 ikiitazama bandari, ilipata bahati tofauti: jengo lilibaki likafanyiwa ukarabati mkubwa, na jina la mwendeshaji likabadilika zaidi ya mara moja. Kumbe jina na jengo vinaweza kuachana, na kila mji huchagua, mara nyingi pasipo kujua, kipi kati ya hivyo utabaki nacho.

Najua nitakavyojibiwa: usalama. Hoja hiyo siidharau. Norfolk ililipuliwa kwa bomu usiku wa mkesha wa mwaka mpya wa 1981, ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Agosti 1998 huko huko Moi Avenue, na shambulio la Januari 2019 lililenga eneo lenye hoteli. Ukaguzi langoni una sababu zake. Lakini hivi karibuni niliingia katika hoteli mpya jijini, ambayo sitaitaja, nikiwa na miadi ya chai. Mlinzi akanikagua, sawa, kisha akaniuliza nambari ya chumba changu, na nilipojibu kwamba sina chumba, nikasimamishwa nje juani hadi mwenyeji wangu aliposhuka kunichukua. Nilipogeuka nikaona kwamba jengo zima, upande wa barabara, lilikuwa ukuta na lango la magari. Mlango wa mtu aendaye kwa miguu haukuchorwa. Hilo halikuletwa na magaidi, lililetwa na mchoraji aliyedhani kila mgeni huja kwa gari. Mkahawa wa Stanley umepita katika miaka hiyo hiyo ya hofu na bado uko ukingoni mwa barabara.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la kulindwa. Hofu yangu ni kwamba siku mnara wa Hilton utakapofikiriwa, tutalinda sura yake ya juu inayopendeza katika kadi za posta, huku ghorofa za chini zikizungushiwa vioo vyeusi na uzio. Mnara bila maduka yake ni nguzo tu. Kwa hiyo naiomba Kaunti ya Nairobi, kabla ya kuidhinisha mchoro wowote wa kuligeuza jengo hilo liwe ofisi, makazi au hoteli nyingine, iwatake wamiliki waonyeshe katika mchoro huo mambo mawili: kwamba njia za kupita chini ya mnara zitabaki wazi kwa umma mchana, na kwamba milango ya maduka itaendelea kufunguka moja kwa moja barabarani. Ningefurahi pia kama mwandishi wenu, atakaporudi kuandika juu ya hoteli hizi, atasimama kwanza nje upande wa Mama Ngina Street mvua ikinyesha, ahesabu ni wangapi wamepata pa kujikinga.

Msomaji wenu,
Nairobi